Tom Rolt na Reli Iliyokatiwa Tamaa

Chombo kikongwe hakikosi wa kukicheka. Wa kukikalafati ndio adimu. Marehemu Tom Rolt, Mwingereza aliyefariki mwaka 1974, alikuwa miongoni mwa hao walio adimu. Lakini chombo chake yeye hakikuwa cha baharini. Kilikuwa ni kijireli cha huko Wales, ambacho watu walikuwa wakingojea kifo chake tu.

Lionel Thomas Caswall Rolt alizaliwa Chester mwaka 1910. Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha skuli akenda kujifunza ufundi wa mitambo, na baadaye akawa mwanagenzi katika karakhana ya Kerr Stuart, mjini Stoke-on-Trent, iliyokuwa ikiunda vichwa vya garimoshi. Karakhana hiyo ilifilisika mwaka 1930, naye akatafuta riziki kwingine. Mwaka 1939 alihamia na mkewe katika mashua yao, Cressy, wakawa wakizunguka katika mifereji ya Uingereza. Kitabu alichokiandika juu ya safari hizo kilitoka mwaka 1944 kikampa jina, na mwaka 1946 yeye na wenziwe wakaasisi chama cha kuitetea mifereji.

Ama reli yenyewe ni ya Talyllyn. Ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuteremsha mawe ya kuezekea mapaa kutoka chimbo la Bryn Eglwys hadi mji wa pwani wa Tywyn. Baina ya chuma na chuma ni kadiri ya sentimita 69. Msomaji na ailinganishe na reli yetu kongwe ya Mombasa hadi Kisumu, ambayo ni mita nzima, na hiyo nayo wataalamu huihesabu kuwa nyembamba.

Mwenye reli hiyo, Sir Haydn Jones, aliahidi kwamba treni zitakwenda maadamu yu hai. Chimbo liliporomoka mwaka 1946 likafungwa, naye akazidi kutimiza ahadi kwa hasara, hata akafariki Julai 1950. Kwa hesabu ya dunia, reli ilikuwa izikwe naye.

Rolt hakukubali. Oktoba mwaka huo waliitana mkutano mjini Birmingham, wakahudhuria watu kadiri ya 70, wakaazimia kuiendesha reli kwa kujitolea. Jambo hilo lilikuwa halijapata kufanywa popote duniani. Mjane wa marehemu aliridhia, na Rolt akawekwa awe meneja.

Mnamo tarehe 14 Mei, 1951 treni ikaondoka. Kichwa kimoja tu, Dolgoch, cha mwaka 1866, ndicho kilichokuwa na uhai. Mataruma yalikuwa yameoza, na vyuma vimeshikwa na nyasi kuliko misumari. Vilinunuliwa vichwa viwili vya reli jirani ya Corris, iliyofungwa mwaka 1948, kwa pauni 25 kila kimoja. Lakini kimoja kikawa chaanguka, kwa kuwa njia ilikuwa pana kidogo kupita kipimo chake.

Mwaka huo huo Rolt alitolewa katika kile chama cha mifereji alichokiasisi mwenyewe, akaachana na mkewe, na Cressy pia akaihama. Hata hivyo aliisimamia reli kwa misimu miwili, ndipo akarejea kwenye kalamu, akaandika maisha ya mafundi wakubwa kama Brunel na akina Stephenson.

Baada ya Talyllyn, reli nyingine zilifuata mfano huo, ya kwanza kati yao ikiwa ya Ffestiniog, iliyofunguliwa tena mwaka 1955. Mwaka 2021 Talyllyn iliingizwa katika turathi za ulimwengu za UNESCO pamoja na machimbo ya Wales, na treni zake zingali zaenda.

Nasi Mombasa tulikuwa na matoroli yaliyosukumwa na watu juu ya vijireli vyembamba, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Vyuma vile viling'olewa zamani. Yako mengine ya wazee wetu ambayo yangali yamesimama, na yaona mvua kila msika. Nani wa kuyakalafati?