Bibi Florence Nightingale na Hesabu ya Waliokufa

Bibi Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, kwa wazazi Waingereza wenye mali. Uuguzi siku zile ulihesabiwa kazi duni, nao wakamkataza. Hakuiacha nia yake.

Novemba 1854, katika Vita vya Crimea, aliongoza wanawake 38 mpaka Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Wagonjwa walilazwa katika kambi ya askari iliyosimama juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Alisimamia chakula, ufuaji na usafi, na usiku akizunguka na taa. Wengi humsifu kwa taa hiyo, lakini liko kubwa kuliko hilo. Februari 1855 walikufa wagonjwa kiasi cha 42 katika kila 100. Machi wakaja wakaguzi kutoka Uingereza, wakaizibua mifereji; kufika Juni walikufa 2 tu katika 100.

Alirejea kwao 1856, sifa zake zimeenea, naye akidhani askari wale waliponzwa na njaa na baridi ya vitani. Alipoketi na William Farr, mjuzi wa takwimu, akaona kuwa hospitali yenyewe ndiyo iliyowaua wengi. Nani angalimwuliza lau angalinyamaza? Hakunyamaza. Hesabu hizo zilipigwa chapa 1858, na za hospitali yake zimo.

Mwaka 1860 kikafunguliwa chuo chake cha wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London. Huko wanafunzi walizoezwa usafi, na kuandika hali ya mgonjwa kama waionavyo.

Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910. Kaburini pake pameandikwa herufi mbili za jina lake, na miaka yake.