Paul Langerhans, mtu aliyeona walinzi wa ngozi

Bandugu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, zahabu tunaijua kwa kuichimba na kuipima kwenye mizani. Leo niwaeleze habari za kijana mmoja aliyeitumia zahabu kutazama ngozi ya mtu.

Jina lake Paul Langerhans. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 25 Julai 1847, mtoto wa munganga. Mwaka 1868, angali mwanafunzi, alilowesha kipande cha ngozi katika dawa iliyotengenezwa kwa zahabu. Kwa hadubini akaona chembe nyeusi zenye matawi kama miti midogo, kwenye tabaka la juu. Akafikiri ni za mishipa ya fahamu. Hapo alikosea.

Mwaka 1871, wakati Livingstone alipofika hapa kwetu Nyangwe, Langerhans alipata kazi kwenye chuo kikuu cha Freiburg. Halafu kifua kikuu kikamkamata. Akahamia kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri, na huko akatibu wagonjwa wa kifua kama yeye. Alikufa tarehe 20 Julai 1888, siku tano kabla ya kutimiza miaka 41. Chembe zake zinafanya kazi gani, hakujua.

Tangu azione chembe hizo, miaka zaidi ya mia ilipita. Mwaka 1973 munganga Inga Silberberg, kule New York, alichunguza ngozi ya watu wenye aleji ya zebaki, ile merkiri inayotumika kukamata zahabu. Aliona askari wa damu wamegusana na chembe za Langerhans.

Kumbe ni walinzi! Kromu ya simenti ao dawa zilizomo katika mpira wa mabote ikipenya, wao na wenzao wa ndani ya ngozi wanaikamata, wanaipeleka kwenye matezi, wanaionyesha kwa askari. Mafunzo hayo yanachukua wiki mbili hivi, na wewe huoni kitu. Lakini ukiigusa tena, ndani ya siku moja mpaka tatu ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge. Askari hawasahau. Unaweza kuvaa mabote miaka mingi salama, kisha siku moja yakukatae.

Asidi ni habari nyingine. Yenyewe haingoji mafunzo, inaunguza ngozi ya kila mtu siku ileile. Na ngozi iliyokwisha kuungua inafungulia njia vitu vya aleji.

Kwa hiyo tusimkimbie mwenzetu. Aleji hii haiambukizi, wala si uchawi. Munganga amwangalie kwanza, maana kuna upele mwingine unaoambukiza. Kama ni aleji, mkubwa wa kazi asimfukuze, abadilishe kile kinachomgusa. Kupaka pomada huku mabote ni yaleyale ni kuteka maji ya shimo wakati mvua inanyesha.