Karl Schwarzschild: Askari mgonjwa aliyegundua mpaka ambao mwanga ukiingia hautoki

Desemba 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Albert Einstein alipokea barua kutoka kwa askari wa Ujerumani. Ndani yake kulikuwa na jibu kamili la hesabu ambayo Einstein mwenyewe alikuwa amepata jibu la kukadiria tu.

Aliyeiandika ni Karl Schwarzschild.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1873, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka 16 tu alikuwa ameshachapisha makala za kisayansi kuhusu mizunguko ya nyota. Mwaka 1909 akapewa kuongoza kituo cha kuchunguza anga cha Potsdam, moja ya nafasi kubwa kabisa kwa mwanaanga wa Ujerumani.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa ameshavuka miaka 40. Hakulazimishwa, alijitolea mwenyewe. Jeshini kazi yake ilikuwa hesabu: kupima hali ya hewa na kukokotoa njia za makombora.

Huko huko ndiko alikosoma nadharia mpya ya Einstein, iliyotoka Novemba 1915. Nadharia hiyo inasema kitu kizito hupinda nafasi inayokizunguka, na mwanga ukipita hapo nao unafuata mpindo huo.

Schwarzschild akapiga hesabu ya kitu cha duara kisichozunguka. Hesabu hiyo ikazaa kipimo ambacho leo kina jina lake. Yaani, Jua lote likibanwa hadi nusu kipenyo cha kilomita 3 hivi, mwanga wake hautoki tena. Dunia yetu ingebidi ibanwe iwe kama gololi.

Na mwanga ukikaribia hapo unafanyaje? Ukipita mbali, unapinda kidogo tu. Unaotoka karibu zaidi hupoteza nguvu ukipanda kuja nje, hivyo aliye mbali anauona umekuwa mwekundu. Kwenye umbali wa mara moja na nusu ya kipimo kile, mwanga unaweza hata kuzunguka kama bodaboda kwenye kipilefti. Ila ukiyumba kidogo tu, ama unachomoka au unatumbukia. Ukishavuka mpaka wenyewe, ndio basi tena.

Januari 1916, Einstein aliiwasilisha kazi hiyo mbele ya wanasayansi mjini Berlin kwa niaba ya mwenzake. Schwarzschild wakati huo alikuwa anaumwa pemfigasi, ugonjwa unaotoa malengelenge mwili mzima, na haukuwa na tiba. Alirudishwa nyumbani, akafariki Mei 11, 1916. Alikuwa na miaka 42.

Hakujua kama alichokokotoa kipo kweli angani. Hata Einstein hakuamini: mwaka 1939 aliandika makala kujaribu kuonyesha kwamba vitu vya namna hiyo haviwezi kuwepo. Jina la shimo jeusi lilikuja kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1960.

Aprili 10, 2019, dunia ikaoneshwa picha ya kwanza, ya shimo jeusi la galaksi ya M87, umbali wa miaka ya mwanga milioni 55. Pete ya mwanga, na katikati kivuli, pale mwanga uliosogea karibu mno ulipomezwa.

Mwanawe Martin, aliyeachwa na baba kabla hajafikisha miaka minne, naye alikuja kuwa mwanaanga mkubwa, huko Marekani.