Wittgenstein: mtoto wa tajiri aliyekwenda kufundisha shule ya msingi kijijini

Leo tupumzike kidogo na siasa. Najua mkisikia jina la Ludwig Wittgenstein wengine mtadhani ni beki mpya wa Bayern Munich. Huyu ni mwanafalsafa, Mwaustria, alifariki 1951 na mpaka leo vyuo vikuu vinaumiza vichwa kumsoma. Mimi nimeishia sekondari kama mnavyojua, hivyo falsafa yake nawaachia wenyewe. Kilichonivuta ni ile miaka yake sita, 1920 mpaka 1926, alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Kwanza mjue katoka wapi. Alizaliwa Vienna mwaka 1889, mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake, Karl, alikuwa na viwanda vya chuma cha pua, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa nchi ile. Nyumbani kwao wanamuziki wakubwa kama Brahms walikuwa wageni wa kawaida. Lakini msiba nao haukukauka, kaka zake watatu walijiua. Ludwig alisomea mambo ya ndege kule Manchester, halafu 1911 akaenda Cambridge kwa Bertrand Russell, ambaye hakuchelewa kuona kwamba kijana ana kichwa cha ajabu. Vita ya kwanza ya dunia ikaja, akajiunga na jeshi kwa hiari, akatekwa na Waitaliano 1918. Kwenye mizigo yake alikuwa na kitabu alichokiandika humo humo vitani, Tractatus, akiamini kimeshamaliza matatizo yote ya falsafa. Kama kazi imekwisha, unafanya nini tena?

Aliporudi 1919 akagawa urithi wake wote kwa ndugu zake, akabaki mkavu. Kisha akaingia chuo cha ualimu. Ana miaka 30, katoka vitani, anakaa darasa moja na vijana wadogo! Mwaka uliofuata akaanza kazi Trattenbach, kijiji masikini cha milimani kusini mwa Vienna. Baadaye akahamia Puchberg, mwisho Otterthal.

Ufundishaji wake ulikuwa bomba. Watoto waliunganisha mifupa ya paka mpaka wakapata paka mzima. Darubini ya kuangalia vitu vidogo aliwapelekea yeye. Aliwachukua Vienna kwa safari, na njiani msituni kila jani na jiwe likawa somo. Wale wenye uwezo aliwabakiza mpaka jioni, twisheni ya bure kabisa. Wazazi wengi hawakufurahi, maana mtoto anatakiwa shambani.

Ila kitu ninachotaka mkione ni ile kamusi.

Kijerumani kukiandika ni kazi. Kila nomino inaanza na herufi kubwa, na ina kijineno chake cha mbele, der, die au das, ambacho lazima ukikariri, kama mgeni anavyohangaika na ngeli zetu. Sasa watoto wale nyumbani waliongea lahaja ya mlimani, shuleni wanatakiwa waandike Kijerumani sanifu. Neno unalitamka tangu unajifunza kutembea, ila kuliandika hujui. Kamusi za dukani, ile kubwa ilikuwa ghali, ile ndogo imejaa maneno ya kigeni ambayo mtoto wa mkulima hayamhusu.

Basi jamaa akaamua watoto watengeneze kamusi zao wenyewe. Maneno yakatoka kwenye insha zao, wakayaandika kwa mkono darasani, kila mmoja na ya kwake. Ilikuwa kazi ya kula muda, lakini tahajia ikapanda. Mwishoni akatayarisha moja ya kuchapwa, yenye maneno zaidi ya 5,000, ikatoka Vienna 1926. Aliingiza maneno ambayo mtoto wa pale tayari anayo mdomoni, na hakuacha neno eti kwa sababu ni rahisi mno, maana alishaona watoto wakikosea hata neno la herufi mbili. Pale mpangilio wa alfabeti ulipomchanganya mtoto, aliuvunja. Na lahaja ya kijijini aliitumia kuelezea lugha ya shule. Alitaka mtoto asahihishe insha yake mwenyewe, aione kuwa ni mali yake, siyo asubiri kalamu nyekundu.

Nikikumbuka sisi tulivyoimba ba be bi bo bu mpaka sauti zinakauka, mtu anageuza kitabu juu chini na bado anaimba vile vile, naona wivu kwa wale watoto. Vitabu alivyochapisha akiwa hai ni viwili tu, Tractatus na hiyo kamusi ya shule ya msingi.

Wivu wangu unaishia hapo, kwa sababu jamaa alikuwa anapiga. Makofi ya masikio, kuvuta nywele, hata kwa wasichana walioshindwa hesabu ngumu ambazo yeye ndiye aliyezileta darasani. Viboko vilikuwa vya kawaida enzi zile, ila hata kwa kipimo cha pale watu waliona amezidisha. Aprili 1926, Otterthal, alimpiga kichwani mvulana wa miaka 11 aliyekuwa mzito kujibu, mtoto akaanguka na kuzimia. Aliahirisha masomo, akambeba. Kabla mwezi haujaisha akaacha kazi. Kesi ikafika mahakamani, hakimu akaagiza apimwe akili.

Kuna wanaomtetea, eti watu wenye akili nyingi hawana uvumilivu. Mimi siwaelewi. Yule mvulana hakuomba kufundishwa na mtu mwenye akili nyingi. Na msiniambie ni mambo ya Ulaya ya zamani. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni 2001, Tanzania sheria bado inaviruhusu kwa masharti, na masharti yenyewe mnajua yanavyofuatwa.

Baada ya hapo akafanya kazi ya bustani kwenye nyumba ya watawa, akamchorea dada yake nyumba Vienna, 1929 akarudi Cambridge, na 1939 akawa profesa. Kitabu chake kikubwa cha pili kilitoka 1953 akiwa ameshafariki, na humo mtoto anayejifunza maneno anarudi tena na tena. Miaka ya kijijini haikupotea bure.

Lakini kabla ya uprofesa kuna jambo moja. Mwaka 1936, miaka kumi baada ya yale ya Otterthal, alirudi kule kijijini akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba msamaha wale aliowapiga, sasa ni watu wazima. Wapo waliompokea vizuri. Mmoja, mwanamke ambaye alimvuta masikio na nywele akiwa mtoto, alimsikiliza na kumwitikia kwa mkato tu, basi.

Wadau, mwalimu wako wa hesabu angegonga hodi kwako leo, ungefanyaje? Tupieni hapo chini, na tafadhali msitaje majina ya walimu.