Mwalimu na Mapori ya Taifa

Kila Desemba 9 tunapokutana ukumbini hapa Uingereza, picha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hutundikwa nyuma ya meza kuu. Wazee wetu walimsikia akihutubia. Sisi wa rika la miaka arobaini tulipopata akili alikuwa amekwisha ng'atuka. Mwaka huu tumeona tumkumbuke kwa jambo lisilotajwa sana kwenye hotuba zetu: namna alivyobeba mzigo wa mapori ya nchi yetu, ambayo kila mtu anayadai kuwa yake.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki. Kutoka Butiama hadi Serengeti si mbali. Kwa watu wa Mara pori ni malisho, kuni, dawa na kitoweo, na humo humo hutoka tembo wanaomaliza shamba kwa usiku mmoja. Alisoma Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaja Edinburgh, akahitimu 1952. Hapo sisi tuliokuja kusomea uuguzi ugenini tunamwelewa vizuri: baridi ileile, na mawazo ya nyumbani yaleyale.

Aliporudi alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka 1958 aliandika kuhusu ardhi, akipinga isigeuzwe bidhaa ya kuuzwa kwa mwenye fedha. Baada ya Uhuru serikali yake ilifuta umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni. Ardhi ikawa mali ya umma. Swali gumu likabaki: umma ni nani, pale mfugaji, mkulima, mwindaji na mtalii wanapotaka bonde lilelile?

Swali hilo alilirithi likiwa bichi. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliitenga Ngorongoro na Serengeti. Wamaasai waliondoka nyanda za Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa kuwa mahali pa watu, ng'ombe na wanyamapori kwa pamoja. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwamba nchi itawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kuomba wataalamu na fedha kutoka nje. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kwenda likizo kutazama mamba. Lakini aliona kwamba wanyama wangeiletea nchi changa fedha za kigeni, na ahadi aliitimiza. Chuo cha Mweka kilianzishwa 1963. Wakati wa uongozi wake zikaongezeka hifadhi za Mikumi, Ruaha, Gombe, Tarangire, Kilimanjaro, Katavi na nyingine.

Tusimsifu nusu nusu, maana ahadi ile ililipiwa na watu. Miaka ya 1970, chini ya serikali yake, wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta ya Ngorongoro waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima la hifadhi. Kwa mama aliyetegemea kishamba cha mahindi ziwa la ng'ombe linapokauka, hiyo ilikuwa habari ya njaa. Sisi wauguzi tunajua kwamba dawa inaweza kuwa sahihi na bado mgonjwa akaumia, kwa kuwa hakuna aliyeketi kitandani pake kumuuliza anaishije.

Rufiji nako alivutwa huku na huku. Serikali yake ililinda Pori la Akiba la Selous, na serikali hiyohiyo ikaunda mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, ikiwa na nia ya kujenga bwawa la umeme ndani ya pori hilo. Bwawa halikujengwa enzi zake. Leo limejengwa na linaitwa Julius Nyerere. Na hifadhi ya taifa iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019 nayo inaitwa Nyerere. Waliotaka umeme na waliotaka pori, wote wamechukua jina lake, na hatudhani wamekosea. Alitaka vyote viwili.

Alistaafu urais 1985, akarudi Butiama kulima. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki kwa saratani ya damu katika hospitali ya St Thomas', London, kando ya mto Thames. Wengine wetu hupita hapo tukienda zamu.

Mabishano aliyoyaacha hayajaisha. Tangu 2022 familia kadhaa za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni, na nyingine zimekataa kuhama. Hata kwenye kundi letu la simu tumegawanyika: wapo wenye jamaa wanaoishi kwa utalii, na wapo wenye wajomba wafugaji. Tunaloomba ni dogo. Tukizungumza habari hizi mbele ya watoto wetu waliozaliwa huku, tusiwaonyeshe simba na nyumbu peke yao. Tuwaambie pia kuna watu pale, na kwamba Uhuru tunaousherehekea leo ulikuwa wao pia.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.