Viktor Vasnetsov

Viktor Mikhailovich Vasnetsov (15 Mei 1848 – 23 Julai 1926) alikuwa mchoraji, msanifu wa majengo na mbunifu wa maleba kutoka nchini Urusi. Anajulikana hasa kwa picha zake kubwa za mashujaa na hadithi za kale za Warusi. Katika historia ya sanaa za maonyesho anakumbukwa pia kwa kubuni maleba na mandhari ya Snegurochka, yaani Binti Theluji, hadithi ambayo wahusika wake bado huonekana kila mwaka katika kumbi za michezo, shule na sarakasi za Urusi.

Maisha ya awali

Vasnetsov alizaliwa katika kijiji cha Lopyal, mkoa wa Vyatka, mbali upande wa mashariki wa mji wa Moscow. Baba yake, Mikhail Vasilyevich, alikuwa padri wa Kanisa la Kiorthodoksi. Familia ilikuwa na watoto sita, wote wa kiume. Mmoja wao, Apollinary (1856–1933), naye alikuja kuwa mchoraji maarufu. Viktor alikulia katika kijiji cha Ryabovo, mkoani humohumo.

Majira ya baridi ya Vyatka ni makali. Katika nyanda za juu za Kigoma, kama vile Kasulu na Kibondo, ubaridi wa asubuhi za Juni na Julai humfanya mtu atafute sweta, lakini maji ya mtoni hayagandi. Huko Vyatka mito hugeuka barafu, na theluji hufunika ardhi kwa takriban miezi mitano. Kazi za shamba husimama. Katika jioni hizo ndefu wanawake wa vijijini walisokota nyuzi, walifuma vitambaa vya kitani na kuvidarizi, huku wazee wakisimulia ngano. Mtoto wa padri aliishi kati ya watu hao, akazijua hadithi zao pamoja na nguo zao.

Akiwa na umri wa miaka 10 alipelekwa kusoma katika shule ya kidini mjini Vyatka ili afuate kazi ya baba yake. Hata hivyo alipenda zaidi kuchora. Akiwa huko alimsaidia mchoraji Mpolandi Michał Elwiro Andriolli, aliyekuwa ametumwa uhamishoni Vyatka, kupamba kanisa kuu la mji. Mwaka 1867 picha zake mbili, moja ya muuza maziwa na nyingine ya mvunaji, ziliuzwa kwa bahati nasibu. Fedha hizo zilimwezesha kusafiri hadi Saint Petersburg, na mwaka uliofuata akaanza masomo katika Chuo cha Sanaa cha huko.

Paris na wanasarakasi

Mwaka 1876 rafiki yake, mchoraji Ilya Repin, alimwalika Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Vasnetsov alikaa huko hadi mwaka 1877. Mojawapo ya kazi alizofanya ni picha ya wanasarakasi katika sikukuu pembezoni mwa mji. Inaonyesha jukwaa la muda, wachezaji waliovaa nguo za kazi yao, na umati wa watu wa kawaida wakiwatazama.

Hadi wakati huo alikuwa akichora zaidi maisha ya watu maskini wa mjini. Baada ya kurudi alihamia Moscow mwaka 1878, akageukia ngano na historia ya kale. Picha ya Zulia Lirukalo ilikamilika mwaka 1880, na ile ya Alyonushka, msichana yatima aliyeketi kando ya maji, mwaka 1881.

Abramtsevo

Huko Moscow alifahamiana na Savva Mamontov, tajiri wa reli aliyependa sanaa. Mamontov alikuwa na shamba na nyumba huko Abramtsevo, takriban kilomita 60 kutoka Moscow, ambako wachoraji, wachongaji na wanamuziki walikaribishwa kukaa na kufanya kazi. Mke wake, Elizaveta Mamontova, pamoja na mchoraji Elena Polenova, walikusanya vitu vya wakulima: nguo zilizodariziwa, vyombo vya mbao na samani zilizochongwa. Wasomi wengi wa mjini waliviona vitu hivyo kuwa vya kishamba tu. Huko Abramtsevo vilitunzwa na kuchunguzwa kama kazi za sanaa.

Snegurochka

Tamthilia ya Snegurochka iliandikwa na Alexander Ostrovsky mwaka 1873. Binti Theluji ni mtoto wa Babu Jalidi, mwenye kuleta baridi, na mama yake ni Majira ya Kuchipua. Moyo wake ni wa barafu na hawezi kupenda. Anatoka msituni kwenda kuishi na wanadamu katika nchi ya mfalme Berendey, na huko upweke unamsumbua. Mwishowe anamwomba mama yake ampe uwezo wa kupenda. Anaupata, lakini joto la mapenzi na miale ya jua vinamyeyusha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 marafiki wa Mamontov waliamua kuigiza tamthilia hiyo nyumbani kwake Moscow. Vasnetsov alipewa kazi ya kubuni maleba na mandhari, ingawa hakuwa amewahi kufanya kazi ya jukwaa. Alichora pazia moja baada ya lingine kwa mkono wake. Pia alilazimika kuigiza. Alishika nafasi ya Babu Jalidi, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kitani iliyotiwa nyuzi za fedha hapa na pale, glavu kubwa, nywele nyeupe zilizosimama wima na ndevu ndefu nyeupe. Alitamka maneno kwa lafudhi ya Vyatka, na wenzake waliona kwamba lafudhi hiyo ya kijijini ilimfaa sana mhusika.

Mtunzi Nikolai Rimsky-Korsakov alikuwa ameigeuza tamthilia hiyo kuwa opera, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1882. Mwaka 1885 Mamontov alifungua kampuni yake binafsi ya opera mjini Moscow, na mwaka huohuo kampuni hiyo ikaonyesha Snegurochka. Vasnetsov alitengeneza michoro mipya ya maleba na mandhari. Vijana Isaac Levitan na Konstantin Korovin, ambao baadaye walikuwa wachoraji mashuhuri, walishiriki kuihamishia michoro hiyo kwenye mapazia makubwa ya jukwaa.

Namna alivyobuni wahusika

Katika kumbi nyingi za wakati huo, mapazia yalichorwa na mafundi wa karakana, na maleba yalichukuliwa kutoka stoo. Msitu uleule ungeweza kutumika katika michezo mitatu tofauti, na mwanakijiji wa jukwaani alivalishwa hariri inayong'aa. Vasnetsov alianza na swali la mhusika ni nani, anatoka wapi na anafanya kazi gani.

Wanakijiji aliwavalisha kitani cheupe chenye nakshi nyekundu, kwa mfano wa nguo halisi za wakulima. Jumba la Berendey alilipamba kwa maua, jua na ndege, mapambo aliyoyatoa kwenye taulo za kudarizi na mbao za kuchonga. Hivyo mtazamaji aliweza kumtambua mhusika kabla hajafungua kinywa.

Nguo za makumbusho hakuzinakili kama zilivyo. Nakshi ambayo kijijini ilikuwa ndogo aliikuza ili ionekane na mtu aliyeketi nyuma kabisa. Rangi alizipunguza ili kila kundi la wahusika litambulike kwa haraka. Mkosoaji Vladimir Stasov aliisifu sana kazi hiyo. Hata hivyo kampuni ya Mamontov ilipata shida ya fedha na ikasimama mwaka 1887, ikafufuliwa mwaka 1896.

Mwaka 1899 Vasnetsov alimrudia mhusika huyo katika picha ya rangi za mafuta. Binti Theluji amesimama peke yake usiku ukingoni mwa msitu, amevaa koti lenye nakshi, kofia ya manyoya na glavu.

Kazi nyingine

Kuanzia mwaka 1885 hadi 1896 Vasnetsov alichora picha za ukutani katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Vladimir mjini Kyiv, ambao leo ni mji mkuu wa Ukraina. Mwaka 1898 alikamilisha picha ya Mashujaa Watatu, aliyoianza mwaka 1881. Pia alibuni uso wa mbele wa jengo la Tretyakov, jumba kubwa la sanaa la Moscow. Mwaka 1912 serikali ya mfalme wa Urusi ilimpa hadhi ya ukabaila.

Alifariki Moscow tarehe 23 Julai 1926 akiwa na umri wa miaka 78. Nyumba aliyoibuni mwenyewe na kuishi tangu mwaka 1894 ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1953.

Urithi

Kutokana na kazi ya Vasnetsov na wenzake wa Abramtsevo, mchoraji alipata nafasi ya kudumu katika sanaa ya jukwaa nchini Urusi, pamoja na mtunzi na mwigizaji. Korovin na Mikhail Vrubel waliendeleza njia hiyo katika kampuni ya Mamontov. Kuanzia mwaka 1909 kampuni ya ngoma ya Sergei Diaghilev iliwashangaza watazamaji wa Paris kwa maleba ya Léon Bakst na wengine waliofuata mkondo huo.

Wahusika wenyewe waliingia katika maisha ya kila siku. Sherehe za mti wa Mwaka Mpya ziliporuhusiwa tena katika Umoja wa Kisovyeti mwishoni mwa mwaka 1935, Babu Jalidi na Binti Theluji wakawa wenyeji wa maonyesho ya watoto. Walitengenezwa kama sanamu ndogo za karatasi na pamba za kuwekwa chini ya mti, na wakaingia kwenye uwanja wa sarakasi pamoja na wachekeshaji na wanasarakasi. Wanafunzi kutoka Afrika ya Mashariki waliosoma katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, waliishi katika mji ambao kila mwisho wa mwaka ulijaa sura za wahusika hao.

Mavazi ya Babu Jalidi yamebadilika mara nyingi, na leo mara nyingi ni mekundu au ya buluu yenye kung'aa. Lakini mtindo wa koti refu lenye nakshi, glavu na manyoya, ulioanzia kwenye nguo za wakulima, bado unatambulika.