Khabari za Ibn Sina na Ilimu ya Mawe

Jina lake ni Abu Ali Husein bin Abdallah, naye amejulikana kwa jina la babu yake wa mbali, Ibn Sina. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 wa Hijra, nao ni 980 wa Miladi. Alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha hifadhi Qur'ani. Utabibu wake watu wanaujua, nasi hatutaueleza hapa. Makusudio yetu ni ilimu yake ya mawe na majabali, ambayo waijuao ni wachache.

Alipokuwa mtoto aliona kando ya mto Jeihun udongo ambao watu wakioshea vichwa. Ikapita kiasi cha miaka 23, akauona udongo ule umegeuka jiwe laini. Ni wangapi waliopita hapo wasione kitu!

Alipokuwa mtu mzima alifanywa waziri Hamadan. Amiri wake alipokufa mwaka 412 (1021) alikataa kazi, akajificha katika nyumba ya muuza dawa. Humo, bila ya kitabu cha kutazama, aliandika kurasa 50 kila siku, akaimaliza karibu sehemu yote ya tabia katika kitabu chake kiitwacho Shifa. Kisha akakamatwa, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan.

Katika Shifa alieleza kuwa mawe hupatikana kwa njia mbili: ama udongo unatao hukauka ukashikamana, ama maji huganda, kama yale yatonayo mapangoni. Na majabali ama huinuliwa na zilzala, ama maji na upepo huchimba palipo laini, pagumu pakasalia pamesimama. Udongo uliochukuliwa na maji hutua chini ya bahari tabaka juu ya tabaka, huwa jiwe, kisha bahari huondoka. Ndiyo sababu wanyama wa baharini huonekana ndani ya mawe ya nchi kavu. Asiyesadiki na ayatazame mawe ya kuta za misikiti ya pwani yetu, aone makombe yaliyomo. Na haya yote, alisema, yataka zama ndefu mno.

Wanavyuoni wetu, na mbele yao Imamu Ghazali, walimrudi Ibn Sina katika falsafa, na kosa ni kosa. Lakini khabari ya mawe si katika hayo.

Lililompungukia ni kazi ya moto. James Hutton wa Uskochi, katika maandishi yake ya 1788, alieleza kuwa joto la chini ya ardhi huyayusha mawe na kuyainua, nayo yakipoa huwa mawe magumu. Na mengine hupikwa yasiyayuke, yakageuka umbo, kama jiwe la chokaa liwavyo marumaru. Basi jabali husagika likawa mchanga, mchanga ukawa jiwe, jiwe likashuka chini likayayuka, kisha likapanda tena.

Ibn Sina alifariki Hamadan mwaka 428 (1037), na kaburi lake liko huko. Kiasi cha mwaka 1200 Mwingereza mmoja, Alfred wa Sareshel, alifasiri mlango ule wa mawe kwa Kilatini, nao ukaungwa na kitabu cha Aristotle. Wasomi wengi wa Ulaya wakausoma kwa mamia ya miaka wakidhani ni maneno ya Myunani. Mwaka 1927 Kiarabu chake na Kilatini chake vilipigwa chapa pamoja mjini Paris, kwa jina la mwenyewe.